Mtoto wako kabadilika na humwelewi? Namna ya kuijua sonona kwa vijana na jinsi ya kuitibu

Nianze na ungo wa mchele maana hapo ndipo nilipojua. Binti yangu alikuwa karudi likizo ya mwezi wa sita, kidato cha pili, shule ya bweni, na kwa wiki tatu nzima kazi yangu ilikuwa kumgombeza tu. Anaamka saa nne, haogi mpaka asukumwe, ukimtuma dukani anakujibu kwa ukali kama vile mmelingana, na ripoti ya shule imekuja imeporomoka vibaya, yani mtoto aliyekuwa wa tatu darasani kawa wa hamsini na kitu. Baba yake akasema huu ni utundu wa kukua, shangazi yake akasema kaanza wanaume, mi nikasema ni simu. Sasa Jumamosi moja tumekaa barazani tunachambua mchele, ungo mmoja, yeye upande ule mi upande huu, nikamwona anaokota kokoto, anaitazama muda mrefu, alafu anairudisha humo humo kwenye mchele. Akaokota tena, akarudisha tena. Nikamuuliza taratibu bila kumwangalia usoni, mwanangu unaumwa wapi? Akasema siumwi mama, nimechoka tu kuwepo.

Mi sio daktari. Ni mzazi niliyepita njia yote hii kuanzia pale barazani mpaka sa hivi mtoto yuko kidato cha nne, na nikapoteza miezi mingi kwa kutojua vitu ambavyo mtu angeweza kunieleza kwa nusu saa. Ndo hiyo nusu saa naiandika hapa, kwa mzazi, mlezi, bibi anayelea wajukuu, mwalimu, dada mkubwa, yeyote ambaye ana mtoto ndani na anahisi kuna kitu hakiko sawa.

Kwanza ujue unachokitazama

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 mpaka 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hebu lichukue darasa la shule zetu za kata lenye watoto 70, hapo kwa wastani ni watoto kumi, na watafiti wameona pia kwamba karibu nusu ya magonjwa ya akili ya maisha yote huwa yameshaanza mtu akifika miaka 14. Kwa hiyo mtu akikuambia mtoto hawezi kuwa na ugonjwa wa akili, mtoto ana mawazo gani huyo, halipi kodi wala ada, ujue anasema kitu ambacho hakipo.

Sonona, wengine wanaita dipresheni, kwa mtu mzima tumezoea kuifikiria kama huzuni, mtu amejiinamia analia. Kwa mtoto na kijana mara nyingi inakuja na sura ya hasira. Anakuwa mkali, anachokozeka kwa kitu kidogo, anagombana na wadogo zake, anajibu vibaya, na sisi tunaona ni utovu wa adabu, fimbo inatoka. Hili ndilo lililonipoteza mimi na nimeona linapoteza wazazi wengi, kwa sababu mtoto mwenye huzuni tunamhurumia lakini mtoto mwenye hasira tunamwadhibu, na adhabu inamhakikishia kile anachokiamini tayari kichwani kwamba yeye ni mtu mbaya asiye na thamani.

Hospitali wanatumia dodoso la maswali tisa, na ukiyajua utaweza kumtazama mtoto wako vizuri zaidi. Wanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: je amepoteza hamu ya vitu alivyokuwa anavipenda (wa kwangu aliacha kwaya, na kwaya ilikuwa roho yake), je ana huzuni au hasira au kukata tamaa, usingizi umekuwaje, hapati au umezidi, amechoka bila kazi, kula kumepungua au kumezidi, anajiona hafai au anajilaumu kwamba ameiangusha familia, umakini umepotea yani anasoma ukurasa mmoja mara tano haukai, amekuwa mzito wa kutembea na kuongea au kinyume chake hatulii kabisa, na la tisa, je anawaza kwamba heri angekufa au anawaza kujidhuru. Kila swali lina alama kuanzia 0 mpaka 3, jumla yake 27, na ikifika 10 kwenda juu daktari anaanza kuchunguza kwa undani. Alama peke yake haithibitishi ugonjwa, kwa hiyo usimjazie mtoto karatasi nyumbani alafu ukatoa hukumu. Ila ukiona mengi kati ya hayo yapo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na yameharibu masomo au urafiki au maisha ya pale nyumbani, usisubiri likizo nyingine.

Alafu kuna mwili. Watoto wengi hawana maneno ya kusema moyo unauma kwa hiyo wanasema kichwa kinauma, tumbo linauma, kifua kinabana. Binti yangu alitibiwa taifodi mara tatu na UTI mara mbili ndani ya muhula mmoja kwenye zahanati moja ya jirani na shule, kila akienda anapimwa anapewa dawa anarudi, hakuna hata mmoja aliyemuuliza analala saa ngapi. Kama mtoto wako anaumwa kila Jumapili jioni au kila siku za kurudi shule, na vipimo vinarudi havina kitu, usimwite mwongo. Maumivu anayasikia kweli.

Kubadilika kwa kawaida kwa umri wa kubalehe kupo na sitaki umkimbize kila mtoto hospitali. Kijana anayenuna asubuhi alafu jioni anacheka na wenzake mpirani, anayejifungia chumbani lakini bado anakula na bado ana marafiki, huyo anakua. Mwenye sonona hata kitu kizuri kikija hakimfikii. Nilimnunulia wangu viatu alivyokuwa amevililia mwaka mzima, akasema asante mama, akaviweka chini ya kitanda na boksi lake, vikakaa humo mpaka mwezi wa tisa.

Kuongea naye

Usimwite sebuleni ukamkalisha mbele yako na baba yake pembeni kama baraza la ukoo. Hataongea. Kijana anaongea mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa hayajagongana, kwa hiyo tafuta kazi ya pamoja, kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kusukana nywele, kufua, kutembea kwenda gengeni, kuosha pikipiki kama ni wa kiume. Anza na kile ulichokiona na usianze na lawama. Badala ya kumuuliza kwa nini umekuwa mvivu siku hizi, mwambie nimeona siku hizi hulali vizuri na kwaya umeacha, nina wasiwasi na wewe. Alafu nyamaza. Hapa ndo pagumu kwa sisi wazazi, kimya kikizidi nusu dakika tunakijaza na mawaidha. Vumilia, endelea na mchele wako.

Akianza kusema kuna maneno usimwambie hata kama yanakuja mdomoni yenyewe. Wenzio wanalala njaa. Sisi wakati wetu tulitembea kilomita kumi. Huna shukrani. Una nini cha kukusononesha wewe. Sali tu. Mi niliyasema karibu yote na kila moja lilimfunga mdomo kwa wiki nzima. Kinachosaidia ni kifupi: pole mwanangu, nimekusikia, hii ina matibabu, tutaenda pamoja.

Na muulize pia yale magumu. Kuna mtu anakuonea shuleni? Kuna mtu mzima amekugusa au amekulazimisha kitu? Kuna mtu anakutisha kwenye simu, labda ana picha zako? Sonona ina vyanzo vingi, ipo inayotembea kwenye ukoo na ipo inayokuja baada ya kufiwa au wazazi kuachana, lakini ipo ambayo chini yake kuna ukatili, na ukitibu huzuni ukamwacha mtoto nyumba moja na anayemuumiza hujafanya kitu. Kama kuna jambo hilo nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii wa wilaya au kata, au piga 116, ni namba ya simu ya mtoto, haina malipo, ipo Tanzania na Kenya na Uganda pia, na mtoto mwenyewe anaruhusiwa kupiga.

Swali la kifo, liulize

Najua unaogopa. Na mi niliogopa kwamba nikilitaja nitamwekea wazo ambalo hakuwa nalo. Nesi wa kliniki ya afya ya akili ndiye aliyenitoa kwenye hofu hiyo, na ndivyo wataalamu wanavyofundisha, kwamba kumuuliza mtoto waziwazi kama anawaza kufa hakumpi wazo, kunampa mahali pa kulitua. Sema tu kwa sauti ya kawaida: ukisema umechoka kuwepo, unamaanisha unawaza kufa? Akisema ndiyo, usipige kelele, usilie mbele yake kama unaweza kujizuia, usimwambie ni dhambi wala aibu kwa familia. Mshukuru kwa kukwambia. Muulize kama amewaza atafanyaje na lini, na kama amewahi kujaribu. Mwenye mpango na siku, huyo anaenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku, na haachwi peke yake hata chooni asimamiwe karibu.

Wakati huo huo kazi ya nyumbani ni kuondoa vitu. Sumu ya panya, dawa za shambani, vidonge vyote vya bibi vya presha na sukari, vyote vifungiwe kabatini ufunguo ukae kiunoni kwako au vihamie kwa jirani unayemwamini. Komeo la ndani la chumba chake litolewe. Watu wanaona ni kitu kidogo lakini saa mbaya huwa zinapita, na mtoto ambaye saa ile hakukuta kitu karibu mara nyingi anaishi akaiona kesho, akatibiwa.

Kuna jambo linalowafanya watu wafiche nalo ni sheria, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 217 inalitaja jaribio la kujiua kama kosa. Kwa Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hiyo kinapingana na katiba. Mimi naomba Mungu na sisi tufike huko, kwa sababu mtoto aliyefikia hapo anahitaji kitanda cha hospitali na mtu wa kumshika mkono. Lakini hofu hiyo isikufanye umfungie ndani mtoto aliyemeza kitu, mkimbize hospitali kwanza, mengine yatazungumzwa akiwa hai.

Wapi pa kumpeleka

Neno Mirembe limetuharibia sana. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma ipo tangu 1927 na imetibu watu wengi sana, ila mtaani tumeligeuza jina lake kuwa tusi, mtoto akikosea kidogo anaambiwa utapelekwa Mirembe, kwa hiyo mzazi akisikia afya ya akili anaona tayari minyororo. Ukweli ni kwamba watoto wengi wenye sonona hawalazwi popote, wanaenda kliniki wanarudi nyumbani jioni. Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, pale mapokezi sema wazi nataka kliniki ya afya ya akili, na kama hawana omba rufaa ya hospitali ya mkoa. Muhimbili ipo kwa Dar, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Zanzibar kuna Kidongo Chekundu, na Nairobi kuna Mathari. Uliza siku ya kliniki kabla hujafunga safari maana sehemu nyingi sio kila siku.

Nenda na daftari. Hili ndo jambo la maana kuliko yote niliyofanya, nilichukua daftari la kurasa arobaini nikaandika wiki mbili: amelala saa ngapi ameamka saa ngapi, amekula nini, amelia au amegomba, amesema nini. Daktari anapata dakika chache na wewe, na kwenye dakika hizo mzazi anasahau kila kitu, lakini daftari halisahau. Andika pia kama kwenye ukoo kuna mtu alikuwa na shida hii, hata yule mjomba ambaye hatumtaji. Na umruhusu mtoto aongee na daktari wewe ukiwa nje. Usikasirike, kuna vitu hawezi kusema mama ukiwepo, na usimbane njiani kurudi akwambie alichosema.

Omba pia apimwe mwili. Upungufu wa damu, tezi ya shingo yani thairoidi, virusi vya ukimwi, kifafa, hata dawa nyingine anazotumia, hivi vyote vinaweza kumfanya mtoto achoke, ajitenge na ashuke darasani. Daktari mzuri anaviondoa kwanza au anavitibu pamoja. Kwa kijana wa kiume na hata wa kike iulizwe bangi na pombe bila kumtishia.

Matibabu yenyewe

Tiba ni ya namna mbili na mara nyingi zinakwenda pamoja, mazungumzo na dawa. Mazungumzo sio kumpa mtoto ushauri, ushauri ameshapata wa kutosha. Ni mtaalamu kukaa naye kila wiki kwa wiki kadhaa, anamfundisha kulikamata wazo linapopita, kwa mfano nimefeli hesabu kwa hiyo mimi ni mjinga kwa hiyo heri nisingezaliwa, kulitazama kama lina ukweli, na kurudisha vitendo vidogo vidogo kwenye siku yake. Kwa sonona nyepesi mara nyingi ndo inayoanza peke yake. Kama hospitali hakuna mwanasaikolojia uliza nesi wa afya ya akili au afisa ustawi, wapo waliofundishwa.

Dawa sasa. Kwa vijana, dawa ya sonona yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine ni fluoksetini. Mwaka 2004 Marekani walitoa majibu ya utafiti wa vijana 439 wa miaka 12 hadi 17, baada ya wiki 12 waliopata dawa na mazungumzo pamoja, 71 kati ya 100 walikuwa wamepata nafuu kubwa, waliopata dawa tu 61, mazungumzo tu 43, na waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani 35. Kwa hiyo ukiweza kupata vyote viwili vipate vyote viwili. Kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wasipewe dawa hizi za sonona, na kwa wakubwa zaidi ziandikwe na mtaalamu. Amitriptilini ambayo ni ya zamani na inapatikana kirahisi haijaonyesha kuwasaidia watoto, na ikizidi dozi inaumiza moyo vibaya, kwa hiyo ukipewa hiyo uliza kwa upole daktari, hii ni kwa ajili ya sonona au ya kitu kingine? Una haki ya kuuliza. Na usimpe mtoto vidonge vya mtu mwingine wala kununua duka la dawa kwa kuelekezwa na jirani.

Mambo niliyotamani niambiwe pale dirisha la dawa. Haifanyi kazi kesho. Wiki ya pili nilikuwa nimeshakata tamaa, nasema hii dawa ni maji, kumbe inachukua wiki nne mpaka sita. Wiki za mwanzo anaweza kuumwa kichwa, kichefuchefu, usingizi ukaruka, na mengi huwa yanapita. Lakini wiki hizo hizo ndo za kumwangalia kwa macho mawili, kwa sababu tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kwenye dawa hizi kwamba kwa baadhi ya vijana mwanzoni mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Onyo hilo lisikufanye uikimbie dawa. Linamaanisha kwamba dawa unaishika wewe, unampa wewe asubuhi baada ya chai, unamwona anameza, na ukiona anahangaika kupita kiasi, halali kabisa, au anaongea mambo ya kufa, unarudi kliniki siku hiyo bila kusubiri tarehe ya kadi. Na akipona usiikatishe. Hapa wengi tunaanguka, mtoto amecheka tunasema amepona tunaokoa nauli. Kawaida inaendelea miezi sita mpaka mwaka baada ya kupata nafuu, alafu daktari anaishusha taratibu.

Nyumbani kati ya kliniki na kliniki kuna kazi, na hii haihitaji hela. Kulala na kuamka saa ile ile kila siku, simu inalala chumbani kwako usiku (yako pia, ili isionekane adhabu). Jua la asubuhi. Kula hata kidogo. Alafu kitu kimoja kwa siku, kidogo sana, mnachokubaliana jana yake. Kwetu tulianza na kuoga kabla ya saa tatu, wiki nzima hicho tu. Wiki ya pili kuoga na kumwagilia mchicha. Ya tatu tukaongeza kwenda naye mpaka gengeni. Usisubiri apate hamu ndipo afanye, kwa sonona kitendo kinatangulia na hamu inakuja nyuma yake pole pole. Na kuna siku atarudi nyuma, atalala mchana kutwa, siku hiyo usimwambie unaona sasa umeanza tena. Mpelekee uji, kaa kitandani miguuni kwake.

Dini na waganga

Nasema hili kwa heshima maana na mimi ni mtu wa ibada. Maombi, kisomo, mchungaji au shehe kuja kukaa na mtoto, hivyo vyote vilimpa binti yangu nguvu na sikuvizuia hata siku moja. Nilichokataa ni mambo matatu: kuambiwa aache dawa ili imani ifanye kazi, kufungishwa kwa siku nyingi wakati hata uji unamshinda, na kufungwa au kupigwa ili kitu kimtoke. Mtu wa Mungu wa kweli hawezi kukukataza hospitali. Nenda navyo pamoja.

Na kuhusu mashetani ya shuleni, wasichana wanapiga kelele na kuanguka bwenini mmoja baada ya mwingine. Jambo hili lina historia ndefu kwetu. Tarehe 30 Januari 1962 pale Kashasha karibu na Bukoba, shule ya wasichana ya bweni ya misheni, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kuacha, ikasambaa mpaka wakafika 95 kati ya 159 na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala mdudu, wakaona ni mwili unaotoa shinikizo la moyo, watoto walikuwa chini ya nidhamu kali sana na nchi nzima ilikuwa kwenye mabadiliko makubwa. Mtoto anayeanguka hivyo haigizi. Kwanza apimwe kifafa, alafu aulizwe kwa utulivu, akiwa peke yake bila umati, ni nini kimemzidi.

Shule

Usimtoe moja kwa moja wala usimrudishe kwa nguvu. Mimi niliomba kuonana na mwalimu wa malezi na matroni, nikawaeleza kwamba yuko kwenye matibabu, sikutaja kila kitu, nikaomba mambo machache: asichapwe kwa kuchelewa kuamka mwezi wa kwanza, aruhusiwe kuja kliniki kila tarehe ya kadi, dawa ashike matroni, na awe na mwalimu mmoja wa kumkimbilia siku ikiwa mbaya. Shule ya kwanza ilisema haina muda wa kulea watoto wa mayai. Nikamhamishia ya kutwa karibu na nyumbani, na huko tukasikilizwa. Huo mtihani wa taifa wa kidato cha pili aliufanya na hakufanya vizuri sana, na sijali, alikuwa hai na anaufanya.

Walimu mkisoma hapa, jueni kuna kitu kinawezekana hata bila mtaalamu shuleni. Kenya kuna shirika linaitwa Shamiri lililoanzishwa na vijana wenyewe, wanachukua vijana waliomaliza sekondari, wanawafundisha, wanakaa na vikundi vya wanafunzi kwa vipindi vinne vya saa moja moja wakiongea kuhusu kukua, kushukuru na yale wanayoyathamini. Waliupima mpango huo kwa wanafunzi 413 na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wale waliofundishwa namna ya kusoma tu. Saa nne kwa jumla. Shule gani haina saa nne kwa muhula?

Kwa watoto wadogo niseme kwa kifupi. Mtoto wa miaka sita au saba aliyeacha kucheza, anayekojoa tena kitandani wakati alikuwa ameshaacha, anayeng'ang'ania nguo ya mama kila asubuhi, anaweza kuwa na wasiwasi mkubwa au amepatwa na jambo baya, na tiba yake inapita zaidi kwa mzazi na mchezo kuliko dawa. Asiyetulia kabisa, kila kitu anaanza hamalizi, nyumbani na shuleni kote, tangu mdogo, hiyo ni njia nyingine, na usonji pia ni njia nyingine, kila moja ina mtaalamu wake na mlango wa kuanzia ni ule ule, kliniki ya afya ya akili au ya watoto.

Na mwisho wa yote, ugonjwa huu unaweza kurudi, kwa hiyo mkiwa kwenye kipindi kizuri kaeni muandike pamoja dalili zake za mwanzo, kila mtoto ana zake. Sisi tulikaa mwezi wa kumi na mbili mwaka ule, akiwa ameanza tena kwaya, nikampa kalamu nikamwambia andika wewe, mi nitaongeza niliyoyaona. Karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake mpaka leo na imeshaanza kuwa ya njano. Yangu ni mstari mmoja tu, kwamba anaacha kuimba jikoni. Yake ni minne, na wa kwanza kaandika: nikianza kulala na sare ya shule, mwambieni mama.